Kijumba cha Masamva na Mshikamano wa Jamii katika Usukuma

Makala hii inafafanua nafasi ya kijumba cha masamva, yaani mizimu ya wahenga, katika maisha ya Wasukuma wa Mwanza na mwambao wa kusini wa Ziwa Viktoria. Hoja kuu ni kwamba kijumba hicho si mahali pa tambiko pekee, bali pia ni njia ya kurejesha uhusiano uliolegea miongoni mwa walio hai.

Kwa umbo, kijumba ni kidogo: miti michache na paa la nyasi, nacho husimama katika eneo la kaya. Ujenzi wake aghalabu hutanguliwa na maradhi, ugumba au msiba. Mfumu, yaani mganga, hupiga ramli, mara nyingi kwa kupasua kuku, kisha humtaja mhenga aliyesahauliwa, awe wa upande wa baba au wa mama. Tambiko huhitaji unga wa mtama uliochanganywa na maji, pombe na, inapobidi, mnyama wa kuchinjwa. Kwa kuwa ndugu hupaswa kukusanyika na kula pamoja, waliokosana hutarajiwa kuweka kando ugomvi wao.

Ulinganisho na Japani unasaidia kubainisha jambo moja. Huko, mungu wa hekalu la Shinto la mtaa huwalinda wakazi wa eneo lake. Masamva, kinyume chake, hufuata ukoo. Tofauti hii ilidhihirika mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji: kijumba kiliweza kujengwa upya katika kijiji kipya, ilhali makaburi ya wahenga yalibaki kwenye mahame.

Aidha, Ukristo haukufuta kabisa urithi huu. Huko Bujora, karibu na Kisesa, Padri David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma, na katika msimu wa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, iitwayo Bulabo, Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Hata hivyo, makumbusho huhifadhi umbo la kitu, si wajibu unaoambatana nacho.

Hivyo basi, kudumu kwa kijumba hakupimwi kwa wingi wa vijumba vilivyosalia, bali kwa iwapo ndugu bado huitana na kuitikiana.