Mngurumo wa gari kuukuu si kero tu, ni hatari kwa afya

JE, ukishuka kutoka kwa gari lako kuukuu baada ya safari ndefu, masikio huvuma kana kwamba yamezibwa? Usidhani ni uchovu tu. Huenda kelele za injini zimeanza kukudhuru.

Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli. Kelele za desibeli 85 kwa saa nane kila siku zaweza kuharibu usikivu. Zikipanda kwa desibeli tatu tu, muda huo hupungua kwa nusu: saa nne kwa desibeli 88, saa mbili kwa 91. Ndani ya sikio mna seli zenye vinyweleo vidogo mno. Zikifa hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzifufua.

Ukilazimika kupaza sauti ili abiria aliye kando yako akusikie, jua kelele zimezidi. Kuongeza sauti ya redio ili kuzifunika ni kuyaongezea masikio mzigo.

Chunguza kelele zatoka wapi

Mlio mkali unaozidi ukikanyaga mafuta mara nyingi hutokana na sailensa au bomba la moshi lililotobolewa na kutu. Gari likitetemeka sana likiwa limesimama, huenda raba zinazoshikilia injini zimechakaa. Ukisikia kilio chembamba unapowasha asubuhi, mwambie fundi akague mkanda wa feni. Injini ikigongagonga, izime upesi na upime oili.

Hatari isiyoonekana

Tundu kwenye bomba halitoi kelele peke yake. Hutoa pia gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii huingia garini kupitia nyufa za sakafu na za ukuta ulio kati yako na injini. Ikifika kwenye damu huchukua nafasi ya oksijeni, na yaweza kuua.

Ukiumwa na kichwa, ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida ukiwa garini, hasa ikiwa abiria nao wanalalamika, simamisha gari, zima injini, tokeni nje mpate hewa safi na mwende hospitalini. Kufungua madirisha na kuendelea na safari si tiba. Kamwe usiache injini ikinguruma ndani ya gereji iliyofungwa.

Ufanye nini?

Anza na bomba la moshi. Likishatengenezwa, ziba matundu ya sakafu na ubadilishe raba za milango zilizokauka. Kutandika mazulia mazito kabla ya hapo ni kuficha ugonjwa.

Usizibe masikio kwa pamba ukiendesha: haizuii kelele vya kutosha, na yaweza kukufanya usisikie honi vyema. Masikio yakiendelea kuvuma kwa zaidi ya siku moja, mwone daktari.

Kuchomelea tundu dogo leo ni rahisi kuliko kununua bomba jipya kesho. Sikio jipya, msomaji, haliuzwi popote.