Fahamu: Dongobesh haina meya, je, sanaa itabebwa na nani?

Kwa Tanzania, meya wako kwenye majiji na manispaa tu. Dongobesh iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu, inayoongozwa na mwenyekiti, diwani anayechaguliwa na madiwani wenzake. Usimdharau. Baraza lake hupitisha bajeti na sheria ndogo, na humo ndimo sanaa hupona au hufa: uwanja wa wazi ubaki wazi au ugawiwe kwa maduka, taa na vyoo viwepo au visiwepo.

Zanzibar wameonja faida ya sanaa kupewa nafasi. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, huvuta wageni Mji Mkongwe mwezi Februari. Wanalala gesti, wanapanda daladala, na usiku wanakula Forodhani, bustani iliyofunguliwa upya 2009 baada ya ukarabati.

Mbulu nayo ina mali ya utamaduni. Barabara ya Dongobesh inakupeleka Haydom, kwenye kituo cha utamaduni cha 4CCP. Ni eneo wanakokutana Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na Wabantu, watu wa lugha zisizo na asili moja. Tazama sketi ya ngozi ya mwanamke wa Kidatoga, yenye vipande vyembamba vinavyopeperuka anaporuka ngomani. Au tembe ya Kiiraqw, paa bapa la udongo, nyuma imeingia mlimani. Dongobesh ikija kujenga soko, natamani sana mchoro wake uazime kitu kutoka kwenye tembe hiyo, na fundi aliyewahi kuijenga aitwe kwenye kikao kabla zabuni haijatangazwa.