Kwa Nini Gadi ya Friji Husubiri? Taima na Kazi Zake katika Umeme



Ndugu wasomaji, wanafunzi wetu na wazazi, bonde letu la Kilombero lina vituo viwili vikubwa vya umeme wa maji: Kidatu, megawati 204, na Kihansi, megawati 180. Umeme huo lakini huingia kwanza katika gridi ya taifa, kwa hiyo kuwa jirani na bwawa hakutukingi na kukatika kwa umeme. Katika toleo hili tumeona tueleze jambo moja linalotokea kila unaporudi.

Taa huwaka papo hapo, feni huzunguka, lakini friji hukaa kimya. Kile kisanduku kinachochomekwa ukutani, ambacho wengi tunakiita gadi ya friji, huwasha kijitaa chake na kutulia dakika tatu, nne, hata tano. Hapo ndipo husikika sauti nyumbani: "Gadi imekufa!" Mtu huichomoa, akachomeka friji moja kwa moja kwenye soketi, na ikinguruma huona ameshinda. Wako walioendelea hivyo mpaka kompresa ikaungua, na mama aliyekuwa akiuza barafu na juisi akabaki hana biashara. Kubadilisha kompresa na kujaza gesi ni gharama inayozidi bei ya gadi mara nyingi.

Basi inasubiri nini? Ndani ya friji mna kompresa, yaani pampu inayoendeshwa na mota. Huisukuma gesi ili upande mmoja wa mabomba uwe na presha kubwa na upande wa pili presha ndogo. Umeme ukikatika ghafla, tofauti hiyo haiondoki mara moja. Gesi hupenya taratibu katika kijibomba chembamba mpaka pande zote mbili zilingane, na hilo huchukua dakika chache. Umeme ukirudi mapema, mota hulazimika kuanza kuzunguka huku presha ikiizuia. Hukwama, na mota iliyokwama huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida yake, nao hugeuka joto katika nyaya zake. Ile sauti ya "tik" mnayoisikia nyuma ya friji ni swichi ndogo ya joto inayokata ili kuiokoa. Huipumzisha, kisha hujaribu tena. Swichi hiyo ni kinga ya mwisho, haikutengenezwa ifanye kazi hiyo kila siku.

Pia umeme unaporudi, mtaa mzima huwasha vyombo kwa mpigo mmoja, na volti huweza kuyumba mbali na zile 230 za kawaida. Dakika za kusubiri huipa laini nafasi ya kutulia.

Sasa wanafunzi watauliza: kisanduku kisicho na mshale wala namba kinajuaje kwamba dakika nne zimepita? Hebu fikirieni mtungi mtupu uliowekwa chini ya bomba linalotoa maji kidogo kidogo. Ukiweka alama ndani ya mtungi, muda wa maji kufika kwenye alama hautegemei kubahatisha. Mtungi mkubwa huchelewa kujaa, na bomba likibanwa zaidi huchelewa zaidi. Katika umeme, mtungi ni kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji, na bomba lililobanwa ni rezista, inayopunguza mkondo. Chaji ikifika kiwango kilichowekwa, saketi huamuru rilei ijifunge, na friji hupata umeme.

Mwaka 1971 mhandisi mzaliwa wa Uswisi, Hans Camenzind, alibuni chipu ya kazi hiyo kwa ajili ya kampuni ya Signetics ya Marekani. Iliingia sokoni mwaka 1972 kwa jina la 555, na mpaka leo mafundi wanaitumia. Hesabu yake mwanafunzi wa sekondari anaiweza: zidisha rezista kwa kapasita, kisha zidisha kwa 1.1. Rezista ya ohmu 1,000,000 na kapasita ya mikrofaradi 220 hutoa sekunde 242, yaani dakika nne na sekunde mbili. (Katika vitendo kapasita kubwa huvuja kidogo, kwa hiyo jibu halitakuwa kamili hivyo.) Vifaa vingi vya siku hizi huhesabu mapigo badala ya kujaza kapasita. Saa ya kwartzi, kwa mfano, ina kijiwe kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo ikigawanywa kwa mbili mara 15, hubaki pigo moja kwa sekunde.

Tukitoka nyumbani tuingie kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ambako taima ina kazi nzito zaidi. Mota kubwa ya laini tatu ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, taa za majirani zikafifia na fyuzi zikakatika. Mafundi hutumia mtindo wanaouita sta-delta. Mwanzoni koili za mota huunganishwa kwa namna ambayo kila moja hupata volti 230 badala ya 400, na mkondo unaovutwa kwenye laini hushuka hadi theluthi moja. Taima huhesabu sekunde kadhaa mota ikipata mwendo, kisha huamuru kontakta zibadilishe muunganiko. Kati ya kufungua wa kwanza na kufunga wa pili huachwa pengo dogo mno, sehemu ya sekunde tu, kwa sababu miunganiko hiyo miwili ikikutana ni shoti kubwa.

Nguvu ya kuzungusha nayo hushuka hadi theluthi wakati huo. Ndiyo maana fundi hukataza kumwaga mpunga kabla mashine haijabadilisha mlio, na vijana wanaosaidia kazi wakati wa mavuno wamsikilize.

Wanafunzi tunawakanya: msifungue gadi wala stata kutazama tuliyoyaeleza. Kapasita huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa ukutani, nayo hupiga.

Imebaki taa za msikitini. Kuna taima ya kuchomeka yenye duara la saa 24 na meno madogo ya dakika kumi na tano. Ni rahisi, lakini ina kasoro mbili kwetu. Duara huzungushwa na umeme uleule, kwa hiyo umeme ukikatika saa mbili, taima nyingi za aina hiyo huchelewa saa mbili. Kisha hapa Ifakara wakati wa Magharibi husogea takriban nusu saa kati ya Juni na Februari, na duara halijui hilo. Al-Jazari, fundi Mwislamu wa Diyarbakir, Uturuki ya leo, aliyemaliza kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, alilikabili jambo hili katika saa yake kubwa ya maji: mtiririko uliweza kurekebishwa kufuatana na urefu wa mchana.

Kwa taa za nje, swichi inayohisi mwanga inafaa zaidi, kwani hufuata jua lenyewe. Nyingi nazo zimewekewa kucheleweshwa, sekunde kadhaa kabla ya kuzima, ndiyo maana radi ikimulika usiku wa masika taa hizo hubaki zikiwaka.