Karatasi Haifyeki Pori

Kilimatinde iko ukingoni mwa Bonde la Ufa, na nchi ya Ugogo iko chini yake. Hapa walipita wapagazi na pembe za ndovu, na watu waliofungwa minyororo, katika njia ya kilometa 1,200 hivi baina ya Ujiji na Bagamoyo. Miguu yao ndiyo iliyoiweka wazi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma 1914, miguu ikapungua, miiba ikarudi.

Mwaka 2006 Tanzania iliiandikisha njia hiyo UNESCO katika orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia, na Kilimatinde imo. Vema, lakini karatasi haifyeki pori.

Huko Marekani iko njia ya Appalachian, ya watembea kwa miguu, kilometa 3,500 hivi, iliyokamilika 1937. Hutunzwa zaidi na watu wa kujitolea: kila chama kina kipande chake. Na adui wao mkubwa si majani, bali maji! Maji yakiifuata njia mteremkoni huigeuza korongo. Kwa hiyo hulaza mawe au magogo kukingama, yatoke pembeni.

Kazi hiyo haituhitaji fundi. Msaragambo tunaujua, mapanga na majembe tunayo. Mvua zikiisha, vijana wachache waanze na kipande kimoja cha mteremko. Lakini kwanza wawaendee wazee, wakaonyeshwe mahali baba zao walipowaambia misafara ilipanda.