Maelezo ya Zana Yasiwe Mafumbo

Mtu aliyezaliwa Pemba akiambiwa kwamba boti itaondoka Malindi kwenda Mkoani saa moja, haulizi swali. Ajua kwamba Malindi inayotajwa ni ya Unguja, wala si ule mji wa Kenya. Ajua kwamba Mkoani ni bandari ya kwao, si neno la kutajia mkoa wowote ule. Na saa moja kwake ni asubuhi, jua limekwisha kuchomoza. Ujuzi huo hakuusoma popote. Ameukuta nyumbani.

Leo tunapenda kumzungumzia mtumishi ambaye hakukulia visiwani. Huyo ni wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopokea ombi la mwananchi kwa maneno ya kawaida, ikaamua hatua za kuchukua, na kuzitumia zana ilizokabidhiwa: moja ya kutazama ratiba, nyingine ya kukata tiketi, nyingine ya kufuta safari. Mwaka 2023 kampuni ya OpenAI iliwapa waandishi wa programu njia rasmi ya kuunganisha mitambo yake na zana za nje, na Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ikatoa utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol. Tangu hapo kazi hii imeenea, na wakuu wengi wa ofisi hudhani kwamba ni jambo la mafundi peke yao.

Sivyo. Kila zana huandikiwa jina, maelezo, na orodha ya mambo ambayo sharti yajazwe ndipo ifanye kazi. Mtambo hauoni undani wa zana, wala hauwezi kumwita fundi pembeni na kumwuliza alikusudia nini. Huyasoma maneno hayo machache, ukachagua. Fundi akiandika "Hutafuta safari" kisha akanyamaza, amemwachia mgeni mafumbo matupu. Je, 03/04 ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi? Saa moja yetu mtambo waweza kuidhania saa saba, maana sehemu kubwa ya maandishi uliyofunzwa ni ya lugha za kigeni. Tena kuna usiku wa Ijumaa. Wazee wetu huianza siku jua linapotua, hivyo usiku huo kwao hutangulia mchana wa Ijumaa. Kwa kalenda ya kompyuta huufuata. Mgonjwa mwenye miadi Mnazi Mmoja akikatiwa tiketi ya siku isiyo yake, amekosa daktari na amepoteza nauli, na dirishani hakuna karani wa kumlalamikia.

Hata waliouunda mtambo wenyewe yamewafika. Mwaka 2025 Anthropic ilieleza kwamba mtambo wake wa Claude, ulipopewa zana ya kutafuta habari katika intaneti, ulikuwa ukiongeza "2025" katika maswali bila ya haja, na majibu yakaharibika. Dawa ilikuwa kuyaandika upya maelezo ya zana.

Sisi twaonelea maelezo ya ratiba yangefaa yawe hivi: "Zana hii huonyesha boti za abiria baina ya Malindi ya Unguja na Mkoani ya Pemba. Haikati tiketi wala haibadilishi chochote. Tarehe iandikwe mwaka, mwezi, siku, kama 2026-04-03. Saa ziandikwe kwa mfumo wa saa 24. Saa moja asubuhi ni 07:00. Abiria akitaja usiku, aulizwe kwanza ni usiku upi. Jibu la 'hakuna safari' si hitilafu. Zana isiitwe tena kwa tarehe ileile."

Maneno hayo ni mengi kuliko fundi apendavyo, lakini kila moja lina kazi. Hatusemi kwamba urefu ni sifa. Maelezo ya zana zote husomwa na mtambo pamoja na ombi la mwananchi, na zana nyingi zinazofanana humkanganya wakala kama funguo zisizo na alama. Mbili zenye kazi moja ziunganishwe.

Tena maelezo si kufuli. Kuandika "usifute bila idhini" hakumzuii mtu wala mtambo. Zana ya kufuta tiketi, au ya kugusa daftari la ardhi, izuiwe ndani ya mfumo wenyewe na ingoje uthibitisho wa binadamu. Na zana zilizoundwa na wengine zisipokewe kabla maelezo yake hayajasomwa, kwani mwaka 2025 watafiti wa usalama walionyesha kwamba mwenye hila aweza kuficha humo maagizo ya kuiba siri za mtumiaji.

Ofisi inayotaka kuweka wakala wa namna hii imkalishe karani wa tiketi meza moja na fundi. Karani apewe karatasi yenye majina na maelezo ya zana tu, asielezwe lolote jingine, kisha asomewe maombi ya abiria kumi wa kweli, achague zana na kujaza kila sehemu. Kila atakapoinua kichwa na kuuliza, swali lake na jibu lake viingizwe katika maelezo yale, kabla mtambo haujafunguliwa kwa wananchi.