Shajara ya Rebmann wa Rabai

Shajara ni daftari ambamo mtu huandika kila siku mambo aliyoyaona na kuyatenda. Daftari la namna hiyo aliliandika Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyefika Rabai, katika nchi ya Kilifi, mwaka 1846.

Tarehe 11 Mei, 1848, akiwa safarini kwenda Uchaga, Rebmann aliona weupe juu ya mlima Kilimanjaro. Kiongozi wake, asiyejua jina la kitu kile, alikiita “baridi” tu. Rebmann akatambua kuwa ni theluji, akaiandika habari hiyo chini ya tarehe ile, pamoja na neno la kiongozi wake.

Habari hizo zilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, wataalamu wengine walizikataa. W. D. Cooley wa London, ambaye hakupata kufika Afrika, alikana kabisa kwamba pana theluji karibu na ikweta. Lakini kadiri mlima uendavyo juu ndivyo baridi izidivyo, hata palipo na jua kali. Mwaka 1862 Baron von der Decken aliupanda Kilimanjaro hadi mahali alipoangukiwa na theluji. Maneno ya Rebmann yakathibitika.

Miaka ile yote daftari la Rebmann lilikuwa shahidi wake, kwa kuwa lilitaja siku, mahali na jambo lenyewe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na maarifa ni vivyo hivyo.