Mtoto wa Masumbwe anavyoweza kujifunza maisha ya majini

Muulize mtoto wa Masumbwe dagaa wanatoka wapi. Wengi watakujibu: sokoni. Hawajakosea sana. Bahari ya Hindi iko mbali, na hata Ziwa Victoria, ambako dagaa hao huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, watoto wengi wa hapa hawajaliona. Mtoto anakula samaki kila wiki bila kujua aliishi vipi.

Usidhani shida hii ni yetu sisi wa bara peke yetu. Kisiwani Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, kuna hifadhi ya matumbawe iliyotangazwa na Serikali ya Zanzibar mwaka 1994. Wanafunzi hupelekwa huko na walimu wao, huvishwa maboya na miwani ya kuogelea, kisha huinamisha uso majini. Wako watoto waliozaliwa hatua chache kutoka ufukweni ambao siku hiyo ndiyo wanaona matumbawe kwa mara ya kwanza, na kuambiwa kwamba kile walichodhani ni jiwe ni kundi la wanyama wadogo walio hai. Waliofunzwa kuwa walinzi wa hifadhi hiyo ni pamoja na waliokuwa wavuvi.

Masumbwe hatuna matumbawe. Tunachoweza kuwa nacho ni beseni, kisu na sato au perege mmoja mbichi, pamoja na mwalimu au mzazi aliye tayari kutoa saa moja baada ya masomo. Shule nyingi nchini zimekuwa na klabu za Malihai tangu miaka ya 1980, na somo kama hili linaingia humo vizuri.

Anza na mashavu. Mwinue samaki kifuniko cha shavu, watoto waone nyuzi nyekundu zilizopangana kama meno ya kitana. Ni nyekundu kwa sababu damu inapita karibu kabisa na maji, ikichukua hewa ya oksijeni. Waulize: kwa nini samaki hufa nje ya maji wakati hewa iko tele? Waache wabishane kwanza. Jibu ni kwamba nje ya maji nyuzi zile hushikana na kukauka, hewa haipiti. Hapo mtoto mmoja atauliza kuhusu kamongo, na ni swali zuri. Kamongo ana mapafu. Mbuga ikikauka hujifukia kwenye tope, akajizungushia utando wa ute na kusubiri mvua.

Mpasue tumbo sasa. Chini ya uti wa mgongo kuna kifuko cha hewa kinachomsaidia samaki kukaa kwenye kina anachotaka bila kuchoka. Kwa sangara kifuko hicho ndicho bondo, lile linalouzwa nje kwa bei kubwa kuliko minofu yake. Watoto wa biashara huelewa hapo haraka! Waeleze pia kwamba mama wa sato huatamia mayai mdomoni, na vifaranga wakiona hatari hukimbilia mdomoni humo humo.

Somo linalotugusa zaidi ni la nani anamla nani. Huko ziwani, mwalo ni pale mitumbwi inaposhusha samaki. Huku kwetu kwenye dhahabu, mwalo ni pale mawe yaliyosagwa yanapooshwa, na mara nyingi zebaki hutumika. Ile inayobaki kwenye tope ikifika majini, bakteria huibadilisha ikawa sumu inayoingia mwilini mwa viumbe na kukaa muda mrefu. Sumu ya aina hiyo ndiyo iliyodhuru watu wa Minamata, Japani, ambako zebaki ya kiwanda iliwafikia kupitia samaki. Ugonjwa wake uligunduliwa rasmi mwaka 1956. Watoto waliokuwa bado tumboni mwa mama zao walizaliwa na ubongo ulioharibika.

Ieleze kwa mchezo. Watoto 9 wawe dagaa, 3 wawe samaki wa wastani, 1 awe sangara. Kila dagaa apewe punje 10 za mahindi na haragwe 1 jekundu. Mahindi ni chakula, haragwe ni zebaki. Kila samaki wa wastani “anakula” dagaa 3, na sangara anakula wote 3 wa wastani. Kila mtu akimla mwenzake, mahindi yanawekwa pembeni kwa sababu mwili umeyatumia, lakini maharage yanabaki. Mwisho sangara ana maharage 9 mkononi, wakati kila dagaa alianza na moja tu.

Tuelewane: hatusemi samaki wa sokoni wana sumu. Samaki ni chakula bora, na dagaa, kwa udogo wake na maisha yake mafupi, hukusanya kidogo kuliko samaki wakubwa. Kinachosemwa na mchezo huu ni kwa nini tope la mwalo lisielekezwe mtoni, na kwa nini zebaki isichomwe jikoni ambako mtoto anavuta moshi wake.

Tunawaomba sana walimu wasiwapeleke watoto kuingia lamboni wala kwenye mashimo ya migodi yaliyojaa maji. Mbali na kuzama, minyoo ya kichocho hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya anayeingia majini. Mtoto anayekojoa damu apelekwe kituo cha afya, dawa ipo. Kwa somo hili maji ya kisima yanatosha, na samaki wenu, akiwa bado mbichi, aoshwe aende chunguni.